Aina Mbili kwenye Kisiki Kimoja

Sifa mwanangu,

Salamu sikuandikii, maana tumesalimiana leo asubuhi na ukanikaripia kwamba chai haina sukari. Sasa umepanda moto, ile pikipiki ya abiria, kwenda Sake kutafuta viatu vya mvua, baba yako yuko shambani kwenye maharagwe, na mimi nimechukua daftari lako la darasa la sita, lile lenye kurasa nyingi nyeupe ulizoziacha kwa uvivu. Nina mchana huu tu. Kesho alfajiri unakwenda Walikale, na nikijaribu kukuambia haya kwa mdomo wewe utaanza kucheka au mimi nitaanza kulia, na maneno hayatafika mwisho.

Mambo ya kuchemsha maji, kufua, kusali na kujihadhari na wanaume wenye miwani myeusi sitayaandika. Umekaa nami miaka ishirini na mbili. Kama hukuyasikia, basi masikio yako ni yale yanayoota kwenye magogo.

Nataka kukuandikia juu ya uyoga. Najua umeguna hapo. Hata baba yako huniita prof wa visiki, na si kwa kunisifu. Vumilia, mama. Katika uyoga huu yumo shangazi yako Riziki, umo wewe, na limo kosa langu ambalo nimelificha miaka saba.

Jana jioni ulipokuwa unapanga nguo, baba yako alikuambia kwamba kituo cha afya ulichopangiwa kiko mwendo wa saa moja tu kwa miguu kutoka kwa dada yake. Ukamjibu bila kuinua kichwa: "Papa, mimi sitakanyaga kwa ule mama. Alitaka kuniua nikiwa mutoto." Baba yako akatoka kwenda kufunga mbuzi, na mbuzi walikuwa wameshafungwa. Mimi nikakunja vazi lako jeupe la kazi mara mbili, mara tatu, mpaka ukaninyang'anya. Yale maneno hukuyatunga wewe, mwanangu. Niliyapanda mimi, nikayapalilia kila mwaka.

Basi nianze mbali kidogo. Mimi ni mtu wa Kirolirwe, kwenye majani na ng'ombe. Kwetu kisiki kilikuwa cha kukalia tu. Nilipoolewa huku kwenye kilima cha baba yako, mvua za mwezi wa tisa zilipoanza niliona wanawake wakishuka kutoka kwenye msitu wa juu kilimani na vitunga vimejaa vitu nilivyodhani ni takataka. Aliyenishika mkono akanipeleka huko juu ni Riziki. Alikuwa dada mkubwa wa baba yako, mjane, akikaa katika nyumba iliyokuwa pale penye migomba sasa. Alikuwa mwalimu mkali. Hakukubali kunitajia kitu chochote kabla sijakigeuza.

"Pindua kwanza," alisema. "Kwa juu zote ziko sawa. Angalia tumbo yake."

Siku ya kwanza alinionyesha vile vigoda vya uyoga, vigumu, vinavyotokeza ubavuni mwa gogo, ambavyo ninyi watoto mlikuwa mkiviangusha kwa mawe. Vilikuwa viwili, vyote vya kahawia, vyote na mistari ile ile mgongoni. Ningeapa kanisani kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Nikavigeuza. Kimoja kilikuwa na tumbo jeupe lenye matundu madogo kuliko ncha ya sindano, na ukilikwaruza kwa ukucha, alama inageuka kahawia palepale na haifutiki tena. Kingine hakikuwa na matundu bali vijia vilivyopindapinda, na hata ukikwaruza hakibadiliki. Nilikaa pale nikikwaruza hiki na kile mpaka kucha zikaniuma, na Riziki akaniacha, akaendelea kuchuma peke yake huku akicheka. Sikuwahi kufikiri kwamba gogo lililokufa linaweza kuwa na mambo mengi kuliko ng'ombe mzima.

Ulipoingia darasa la kwanza uliandika jina lako kwenye tumbo la kigoda kimoja cheupe, kwa mwiba, na herufi S ukaigeuza ikaangalia nyuma. Leo nimekishusha kutoka darini, kilikuwa karibu na mbegu za mahindi. S yako bado inaangalia nyuma.

Lakini uyoga wa kula tulioupenda kuliko wote ni ule ulioujua tangu ulipoota meno, uyoga wa kola. Unaota kwa mafungu kwenye kisiki, kofia yake rangi ya asali, katikati ya kofia kuna vijinywele vyeusivyeusi, na mguuni amevaa kitambaa cheupe, kama kola ya shati. Ukibandua gamba la kisiki hapo chini unakuta ngozi nyeupe imetandazwa kati ya gamba na mbao. Riziki alisema ile ngozi ndiyo mwenyewe, inakula mti kimyakimya, na uyoga tunaouchuma ni matunda yake tu. Alinifundisha kuuchemsha, kumwaga maji ya kwanza, halafu ndipo upike, kwa sababu hata ule mzuri ukiula haujaiva unakusumbua tumbo. Alinifundisha na mengine, lakini alikuwa anafundisha polepole, msimu mmoja jambo moja, nami nilikuwa na haraka ya kuwa mwenyeji. Nilichukua kola, mengine nikayaacha yapite.

Ulikuwa na miaka minne. Baba yako alikuwa ameshuka Bweremana kununua samaki wa kuuza. Jumapili hiyo, tulipotoka kanisani, wanawake walikuwa wanazungumza habari za mvua na uyoga, na Riziki akanisema mimi, mke wa mdogo wake, mbele yao wote, kwa mzaha wake ule: "Bibi ya mudogo wangu anachuma kama mutu anafukuza ngombe. Anapita mbio, haangalie chini." Wakacheka. Na mimi nilicheka, ila moyoni nilichomwa. Miaka sita kwenye kilima chao na bado mimi ni mtu wa ng'ombe.

Kesho yake, mvua kubwa ilipokatika, nilikwenda juu peke yangu. Sikumwambia. Nilikikuta kisiki kikubwa karibu na lile jiwe lenye ufa, kimejaa uyoga pande zote mpaka kwenye mizizi. Mwingine ulikuwa na kola. Mwingine haukuwa nayo, na ulikuwa na umanjano kidogo. Nikajiambia, mvua imevua kola zao. Na jambo hili, Sifa, ni kweli. Mvua kubwa huwa inavua kola, nilishaiona, Riziki mwenyewe ndiye aliyenionyesha. Ndiyo maana nilijiamini. Kuhusu umanjano nilisema ni uchanga. Sikupindua hata mmoja. Nilijaza kitunga na kushuka nikiimba, nikipita makusudi mbele ya mlango wake.

Nilipika na nyanya chungu na mawese, nikasonga bugali, nikamwita aje kula, aone. Alikuja. Alitia tonge mdomoni, akatafuna mara moja, akatema kwenye kiganja.

"Hii iko chungu," alisema.

"Ni nyanya chungu," nikamjibu.

"Hapana. Najua uchungu ya nyanya. Muache kula, mama. Utoe sahani ya mutoto."

Nilijua kuna uchungu. Nilikuwa nimeuonja wakati wa kupika. Lakini yeye alikuwa ananifundisha tena, ndani ya nyumba yangu, juu ya chungu changu. Nikachukua kijiko, nikachota, nikakutia mdomoni mbele ya macho yake. Ulikuwa mtoto mtiifu siku hizo. Ulimeza.

Sitakuandikia yote yaliyofuata. Tulitapika sisi wawili, mimi nikapata nafuu, wewe hukupata. Ulikuwa mwepesi mikononi, macho yamerudi ndani. Wanaume wanne walikubeba kwa kipoyi, machela ya miti, mpaka kituo cha afya, na njiani mmoja wao akaanza kusema lile neno, karuho. Wewe unalijua vizuri, sumu ile ya mkononi, mtu anayomtilia mwenzake kwenye chakula, ambayo watu wa huku wanaiogopa kuliko homa yoyote. Mwuguzi alikutundikia serum, yale maji ya mshipani, akaniuliza: "Mama, mutoto alikula nini?"

"Uyoga," nikasema. "Ile ya siku yote."

Akaandika hivyo hivyo, uyoga wa kila siku, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Hakuuliza chungu kiko wapi. Hakuuliza kama kuna mabaki. Simlaumu sana, walikuwa wagonjwa wengi na yeye mmoja, na mama mwenyewe alikuwa amesema kwa uhakika. Ila wewe sasa utakuwa katika kiti chake, na huko Walikale mbele yako watakuja kina mama kama mimi. Watakuambia ni ile ya siku yote. Usiandike haraka. Omba wakuletee sufuria, omba maganda, omba uyoga uliobaki kitungani. Na wengine watakuja wameshamtaja mtu kabla hawajataja chakula.

Sisi tulimtaja. Ulipoanza kupona, tukakusanyika nyumbani, wazee wa ukoo wa baba yako, wachache wa kanisa, na baba yako aliyerudi kutoka Bweremana akakuta mtoto wake ni mifupa. Wakauliza, nani alikula, nani hakula? Na hapo mimi, mama yako ninayekuandikia, nilisema sentensi moja. Nilisema: "Kama hakujua, sababu gani hakukula?"

Basi ikaisha. Huku kwetu, mtu akikupa pombe au chakula anaonja kwanza, ili ujue mkono wake ni safi. Riziki alionja, akatema. Walichukua lile onyo lake na kuligeuza kuwa ushahidi. Nilikuwa najua kwamba uyoga niliuchuma mimi, nikaupika mimi, lakini nilikuwa nimeshajishawishi kwamba yeye aliingia jikoni nilipokwenda kuchota maji. Labda aliingia, labda hakuingia. Ukishataka kuamini, hata mlango uliokuwa umefungwa unaukumbuka uko wazi.

Yeye alisema maneno machache: "Miye nilisema iko chungu. Nilisema atoe sahani." Alimwangalia baba yako. Baba yako aliangalia chini. Aliondoka kabla maharagwe yake hayajakomaa, akaenda Walikale kwa ndugu wa marehemu mume wake, kwa miguu, na kitunga chake cha kuchumia alikiacha kimeangikwa kwenye ukuta wa nje. Mimi niliyavuna yale maharagwe. Wewe ukiwa hutaki kula uji nilikuwa nakuambia, kula, huu si wa shangazi yako. Ulikuwa unacheka na kula. Hivyo ndivyo ulivyokua.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo utaipenda, wewe mpenda masomo.

Unakumbuka tulivyokimbilia Bweremana kwa ajili ya vita, ulipokuwa na miaka kumi na mitano, tukakaa miezi mingi kando ya ziwa na ukachoka vile visamaki vya sambaza mpaka leo huwezi kuvinusa. Tuliporudi tulikuta miti yote ya juu imekatwa ichomwe makala, yale makaa ya kupikia. Baba yako alilia kwa ajili ya miti. Mimi nililia pia, lakini mvua zilipoanza niliacha, kwa sababu sijawahi kuona visiki vingi namna ile vikizaa uyoga kwa wakati mmoja. Njaa ilikuwapo, mashamba yalikuwa majani matupu. Nikaanza kupanda huko juu kila siku.

Siku moja nilirudi na uyoga wa kola, nikachoka, nikautandaza juu ya meza bila kuuosha. Mmoja ulidondokea juu ya kitabu cha nyimbo cha baba yako, kile chenye jalada jeusi. Asubuhi nilipouinua nilikuta kwenye jalada alama nyeupe, mistari myembamba iliyotoka katikati kwenda pembeni, mviringo mzima, kana kwamba mtu amechora ile kofia kwa unga wa muhogo. Nikapuliza, ukapeperuka. Nikajiuliza, unga huu umetoka wapi, na ni wa nini?

Nikaanza kucheza. Nilichukua kofia nyingine, nikaiweka juu ya ukurasa wa daftari lako, nikaifunika bakuli. Asubuhi hakuna kitu. Nikasema, kumbe si wote wana unga. Ilinichukua siku tatu kutambua ujinga wangu, kwamba natafuta unga mweupe juu ya karatasi nyeupe. Nilipoinamisha karatasi kwenye mwanga wa mlango nikauona. Tangu siku hiyo nilipaka nusu ya ukurasa masizi ya sufuria, nusu nikaiacha nyeupe, na kofia nikaiweka katikati. Ndipo wewe ulipouliza kwa nini daftari lako la jiografia lina masizi na mimi nikasema ni panya. Haikuwa panya.

Nilijaribu kila kilichoota kwenye kisiki. Masikio ya magogo, uyoga mweupe wa mabegani mwa miti, ule mdogo wenye manyoya ambao chini umepasukapasuka. Kila asubuhi nilikuwa naamka kabla ya jogoo ili nione rangi. Baba yako alisema nimerukwa na akili kwa sababu ya vita. Sijui kama alikosea, ila sijawahi kufurahi hivyo tangu nilipokuwa msichana.

Halafu nikafika kwenye kisiki cha jiwe lenye ufa. Kilikuwa kimeoza sana, lakini bado kilikuwa kinazaa. Upande wa juu kulikuwa na kola. Upande wa mizizini kulikuwa na ule wa manjano, usio na kola, na pale katikati mafungu yameingiliana mpaka huwezi kusema huyu anaishia wapi na yule anaanzia wapi. Nilichuma mmoja mmoja. Safari hii nilipindua. Zile karatasi nyembamba zilizopangana chini ya kofia za ule wa kola zilikuwa za rangi ya maziwa. Za ule mwingine zilikuwa na ukijani, ukijani wa ugonjwa, na kwa ile mikubwa zimeanza kuwa nyeusi. Nikazileta nyumbani aina zote mbili, nikaziweka juu ya ukurasa mmoja, nikafunika mabakuli mawili.

Asubuhi mmoja ulikuwa umetoa unga mweupe. Mwingine ulikuwa umetoa unga wa kahawia ulioelekea zambarau, rangi ya maji ya maharagwe meusi.

Nilikaa nikiangalia. Kisha nikafanya jambo ambalo nakukataza usilifanye: nilimega kipande kidogo cha ule wa manjano, nikakigusa kwa ulimi, nikatema. Na ule uchungu niliujua. Haukuwa wa nyanya. Ulikuwa wa chungu kile, wa siku ile, na mkono wangu ukakumbuka kijiko kabla kichwa hakijakumbuka. Sikuhitaji mwingine wa kunieleza. Hakukuwa na karuho. Kulikuwa na mimi, na kiburi changu, na aina mbili kwenye kisiki kimoja.

Hiyo ni miaka saba iliyopita. Utaniuliza kwa nini nilinyamaza. Nimejiuliza mara nyingi na jibu langu halipendezi. Mwaka wa kwanza nilisema ngoja mambo yatulie. Mwaka wa pili nilisema Riziki ameshazoea huko, nimsumbue wa nini. Baadaye sikusema chochote, nilikuwa naamka, naangalia rangi za unga, na kuwafundisha kina mama wa kanisa kupindua. Wananiita mwalimu. Kila wakiniita hivyo nasikia aibu, kwa maana nafundisha maneno yake bila kumtaja.

Nilichojifunza kuhusu kufananisha ni kidogo. Alama moja haitoshi, hata ikiwa ya kweli. Kola huvuliwa na mvua, rangi hubadilishwa na jua, na kuota mahali pamoja hakuthibitishi lolote. Unga wenyewe unaweza kukudanganya, kwa sababu najua uyoga mwingine mwembamba, wa unga mweupe pia, ambao singempa hata adui. Mimi naangalia tumbo, naangalia mguu, nabandua gamba, nasubiri unga, na nikiwa bado na shaka naacha. Na huko uendako, sahau yangu yote. Msitu wa Walikale si kilima chetu. Utaona kofia ya asali mguuni ina kola, utasema huyu namjua, na inawezekana kabisa humjui. Uliza wenyeji, na kila ukiwauliza, muulize pia yule asiyekubali kula.

Kuna jambo bado linanisumbua, na ningependa unisaidie kulichunguza. Nadhani ule wa kola hufika kwanza, wakati mti bado una uhai, na ule wa manjano hufuata mti ukishakufa kabisa. Lakini kwenye kile kisiki nimewaona pamoja miaka mingi. Je, wanagawana mbao, huyu sehemu hii na yule ile? Au mmoja anamla mwenzake polepole na mimi naona ujirani? Sijui. Ukipata kisiki huko, tafadhali kitazame msimu hadi msimu, uniandikie.

Jana, ulipolala, nilimfuata baba yako nje, nikamwambia yote. Nilidhani atapiga kelele. Aliuliza swali moja tu: "Ulijua tangu wakati gani?"

"Tangu tulitoka Bweremana."

Kisha akasema: "Miye niliangalia chini. Aliniangalia, na miye nikaangalia chini." Akaingia ndani. Leo asubuhi hakunisalimu, amekunywa ile chai isiyo na sukari na kwenda shambani. Saa sita amerudi kidogo. Alikuwa na kitunga cha Riziki, kile cha ukutani, ambacho miaka yote hii sikuwahi kumwona akikigusa. Amekiosha mtoni. Ameshona mahali panya walipotoboa. Amekiweka juu ya mzigo wako na kusema, akiangalia mlango, si mimi: "Utamuambia mutoto amupelekee dada yangu kitunga yake." Akarudi kwenye maharagwe.

Barua hii nitaiweka ndani ya kitunga hicho, chini, pamoja na ule ukurasa wenye unga wa rangi mbili. Nimeufunika kwa nailoni, ushike vizuri usifutike. Usiniombee msamaha kwa shangazi yako. Huo si wako kuubeba. Maharagwe yakishavunwa, mimi na baba yako tutakuja, kwa miguu kama alivyokwenda yeye, na nitasema mbele ya watu wa kwake kama nilivyosema mbele ya watu wa kwetu. Huenda asinipokee. Ni haki yake. Na wewe, ukinikasirikia njia nzima mpaka Walikale, ni haki yako pia, ila usitupe kitunga.

Nakuomba jambo moja tu. Nenda kwake. Atashtuka, hatajua akushike au asikushike. Halafu atapika, kwa sababu namjua, hawezi kuona mtu wa ukoo wake amekaa na njaa. Ataleta sahani, na kabla ya kukupa atachota kijiko cha kwanza ale yeye mwenyewe, mbele yako, ili uone. Nimesikia kwamba tangu siku zile anafanya hivyo kwa kila mtu, hata kwa watoto wadogo wanaoomba muhogo.

Usimsubiri aonje. Kichukue kile kijiko mkononi mwake, ule wewe kwanza. Na kama ni chungu, mwambie.

Mama yako